Mama Kipimo na Chokoleti Chungu

Mtaani wanamwita Mama Kipimo. Miaka thelathini anashona, na kwenye daftari lake la vipimo hajawahi kuandika jina la mtu. Anaandika namba tu. Ya nani na ya kitu gani, iko kichwani. Alipoambiwa ana presha, namba za presha nazo zikaingia humo humo, katikati ya magauni na mapazia ya watu. Msimcheke bado.

Mwezi uliopita wifi yake alimletea chokoleti nyeusi. "Kipande kila siku, wifi. Wanasema inasaidia moyo."

"Mbona chungu hivi?"

"Kwani unatibu moyo au unakula keki?"

Basi akawa anakula, pakiti ikikaa kwenye kopo la vifungo. Vidonge vya presha alivimeza shingo upande, maana vinampeleka msalani kila saa na cherehani inalala. Jumanne akafungua daftari, akakuta 120 kwa 80. Yeye, ambaye hajawahi kushuka chini ya 140. Akavitupia vidonge kabatini, amemalizana navyo.

Jioni wifi akapita na binti yake, nesi wa zahanati. Mama Kipimo akawasukumia daftari, tabasamu hadi masikioni.

Wifi akainama. "Mia na ishirini kwa themanini? Wifi, hili si dirisha langu la jikoni?"

Mama Kipimo akalitazama pazia lililokunjwa mezani. Akalitazama tena daftari.

"Shangazi, lete mkono," akasema nesi, akatoa kipimo mkobani. 154 kwa 96. "Vidonge viko wapi?"

"Kabatini. Kwa hiyo chokoleti ni uongo?"

"Si uongo. Tafiti nyingine zinaonyesha kakao inaweza kushusha presha, ila kidogo tu. Haichukui nafasi ya dawa. Na sukari imo."

"Mimi sasa, imenishusha au haikunishusha? Mwanzo nilikuwa ngapi?"

Nesi akafunua kurasa. "Wewe ni ipi hapa?"

Mama Kipimo akavaa miwani, akaivua, akaivaa. "Hii ni meza ya mwalimu. Hii... hii ama ni mimi, ama ni mlango wa kinyozi."

Wifi akacheka mpaka akakaa chini.

Kidonge akakimeza mbele yao. Kisha akachukua chaki, akaandika ukutani juu ya cherehani: MIMI, 154 kwa 96. Akafungua kopo la vifungo, akasita.

"Leo nile, nisile?"

"Kipande kimoja, shangazi. Lakini kesho nikupime tena, na uandike jina."