Mnyororo wa Uzi Mweupe

Mama yangu hakuwahi kununua zawadi ya Krismasi dukani. Kila binti yake aliyeolewa alifumiwa seti ya vitambaa vya makochi, vyeupe pe, na kukabidhiwa Krismasi ya kwanza akiwa kwake. Mimi nilipata vyangu, na ndoa iliponishinda nikarudi navyo kwa mama, Magogoni, vikiwa kitu cha kwanza nilichopakia. Mwaka juzi ilikuwa zamu ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyeolewa Changamwe na kununuliwa makochi makubwa hadi mlango wa sebule ukawa haufunguki wote.

Sharti la mama lilikuwa moja tu: hakuna kuchungulia. Kazi yake ilikaa katika mfuko alioushona kwa leso kuukuu, na ukiugusa utafokewa, hata uwe mtu mzima kiasi gani. Mimi kazi yangu ilikuwa kununua uzi Kongowea, halafu siku tatu kabla ya sikukuu nivifue vitambaa na kuvitia wanga, yaani uji mwepesi wa unga wa muhogo, kisha nivinyooshe juu ya mkeka mpaka vikauke. Mengine hayakunihusu, nami nilishukuru, maana mimi na subira tulishakosana zamani.

Alianza mwezi wa tisa. Baada ya chai alinawa mikono, akajipaka poda ili jasho lisichafue uzi, akakaa barazani na sindano yake yenye kikulabu. Vidole vilikwenda mbio vilevile. Jirani yetu, mama wa Kiislamu asiyeweza kumaliza asubuhi bila kuja kutujulia hali, alikuwa akisimama kumsifu.

"Mashallah, bi mkubwa! Mkono wako hauzeeki."

Mama alicheka tu. Mimi nikitoka kwenda kufundisha chekechea nilimwambia, "Hongera, mama," miguu iko njiani tayari.

Mwezi wa kumi akaniambia uzi umeisha. Nikanunua. Baada ya wiki mbili umeisha tena. Nikanunua huku nikinung'unika. Aliponiambia mara ya tatu nilimwuliza kwa ukali kama anamfumia mdogo wangu au analifumia kanisa zima.

"Nunua tu, mwanangu," alisema, macho yakiwa mikononi mwake.

Kwa akili yangu ya kijinga nikaona bila shaka anafuma na shuka la kitanda. Kijiwivu kikanishika, maana mimi sikufumiwa shuka. Nikampigia mdogo wangu simu kumchokoza, nikamwambia ajiandae, mama anamfumia mpaka la kitandani. Alipiga vigelegele hadi nikaiondoa simu sikioni.

Siku tatu kabla ya Krismasi nikabandika wanga jikoni, nikatandika mkeka uani, nikaenda kuomba mfuko. Mama alinipa bila kunitazama. Nikadhani amechoka.

Kwa asiyejua kufuma, nieleze kidogo. Mtu huanza na mnyororo, kitanzi ndani ya kitanzi, kwa upana wa kitambaa anachokitaka. Ukishatosha anageuza, anarudi juu yake na kufuma mstari wa kwanza. Mwisho wa mstari anageuza tena. Hivyo ndivyo uzi unavyokuwa kitambaa. Asipogeuza, hapati kitu.

Niliingiza mkono mfukoni nikavuta, ukatoka mnyororo. Nikazidi kuvuta, nikitarajia kitambaa kifuate. Haukwisha. Ulijaa mkeka, ukamwagika mchangani. Nikaupindua mfuko na kuukung'uta. Hakikuwamo kitambaa hata kimoja, wala mstari mmoja uliorudi. Uzi wote nilioununua ulikuwa umekuwa mnyororo mmoja, vitanzi vimelingana vizuri mno, na sindano bado imening'inia kwenye kitanzi cha mwisho.

Nikajikuta nimeketi mchangani. Nilisikia harufu ya wanga ukiungua jikoni na sikuweza kuinuka. Kilichonijia kwanza, na mpaka leo kinanitia aibu, ni hasira: anatufanyia mzaha? Kisha nikaelewa. Miezi mitatu mama yangu alikuwa ameketi hatua chache kutoka mlango wangu, amepotea, na sote tulikuwa tukimpongeza. Hapo ndipo nilipoukumbuka mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili, na asubuhi aliyoniuliza nimeamkaje, nikamjibu, akaniuliza tena. Nilikuwa nimecheka.

Nikamfuata barazani, nimeshika ule mwisho wenye sindano, mnyororo ukiburuzika nyuma yangu.

"Mama, vitambaa viko wapi?"

"Si hivyo ulivyovishika?"

"Huu ni mnyororo tu, mama."

Aliushika, akavipapasa vitanzi. Niliomba akatae, anigombeze kwa kuchungulia, aseme vitambaa vyenyewe viko chini ya kitanda.

"Najua," alisema polepole. "Nikifuma sijui mwisho ni wapi. Nasema labda bado kidogo. Basi naongeza."

"Mbona hukuniuliza?"

"Naona haya, mwanangu. Kufuma nimewafunza mimi, leo niwaulize nigeuze wapi? Nikasema nitakungoja. Kila siku wapita hapa, utaona mwenyewe. Wewe wapita, wasema hongera."

Nilitaka kumwomba radhi lakini machozi yalitangulia. Nilikaa kando yake, nikamtia sindano mkononi.

"Geuza hapa, mama."

Akageuza. Nikaanza kuhesabu vitanzi kwa sauti naye akirudi juu ya mnyororo, mkono mwepesi kama miaka yote, hata nikaanza kujidanganya kwamba nimekosea, kwamba hana neno. Nilipofika mia na ishirini, upana wa kitambaa cha kochi la mdogo wangu, nikanyamaza makusudi, nione kama atageuza mwenyewe. Akafuma kitanzi kimoja zaidi, akafuma kingine, kisha akasimamisha sindano na kunitazama usoni, akingoja.