Maji Yaleyale ya Lualaba

Shemeji yangu alipopatwa na kipindupindu kule Nyangwe, yaya, dada yangu mkubwa, hakutafuta sababu katika mto Lualaba. Aliitafuta kwa jirani.

Nilikuja kwa pikipiki kutoka Kasongo, ninakofanya kazi ya laboratwari, ya kupima magonjwa. Nilimkuta shemeji kwenye kituo cha afya, macho yameingia ndani, dripu ya serumu mkononi. Muuguzi alisema amewahishwa, atapona. Yaya akanivuta nje.

"Wamemutilia sumu. Yule mwanamuke wa jirani alimupa samaki."

"Yaya, ni maji ya mutoni. Munakunywa bila kuchemsha."

"Maji ile tunakunywa toka utoto. Na wewe ulikunywa. Mbona hatukufa?"

Swali hilo nimeulizwa hadi limenichosha. Nilimweleza kwamba vijidudu vya jamii ya kipindupindu huishi majini, na vingi havina madhara makubwa. Tofauti iko katika jeni, yale maagizo yaliyo ndani ya kila kiumbe. Kijidudu chenye jeni ya sumu kikifika kwenye utumbo hutoa sumu hiyo, na utumbo unamwaga maji ya mwili mzima. Ndugu yake asiye na jeni hiyo hawezi. Tena jeni yenyewe haikuwa ya kijidudu hicho tangu mwanzo; ililetwa na kirusi kilichokiingia.

Yaya alinisikiliza vizuri, mikono kiunoni.

"Basi sumu iko."

"Iko, lakini..."

"Na iko mwenye aliitia."

"Ni kirusi, yaya. Si mutu."

"Na hicho kirusi, nani alikituma?"

Nilikaa kwenye ngazi ya kituo.

Jioni jirani yule aliingia amembeba binti yake aliyelegea na kuharisha vilevile kama shemeji. Yaya alisogea kwenye mkeka, akampisha, akamshikia mtoto kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Nikadhani hatimaye tumeelewana.

"Unaona," akaninong'oneza. "Wametutilia sisi wote."

Wagonjwa wote wawili walipona. Siku hizi yaya anachemsha maji kila asubuhi, anayafunika vizuri, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa isipokuwa shemeji, kwa kuwa ndiye aliyeugua. Yeye mwenyewe bado anakunywa ya mtoni. Anasema ya kuchemsha hayana utamu.