Panya wa Nyasi Waliohamia Kwetu Waithaka

Harufu ya nyasi mbichi zinazoungua ilianza asubuhi, ikaingia katika chumba chetu cha mabati pamoja na moshi wa kuwasha macho. Nilikuwa na miaka minane. Ng'ambo ya njia, hapo Waithaka, mtaa wa pembezoni mwa jiji, kulikuwa na ploti yenye magugu marefu kuliko mtu mzima, na mwenye ploti alitaka kujenga maghorofa. Baba, aliyetoka magharibi mwa nchi kutafuta vibarua, alikuwa miongoni mwa waliopewa mapanga wafyeke na kuchoma. Jioni hiyo, kwa ujira wake, tulikula nyama, jambo lililokuwa nadra kwetu.

Siku ya tatu panya wakaanza kuingia. Hawakuwa wale wa jalalani tuliowazoea. Hawa walikuwa wa nyasi, wadogo, wenye mistari mgongoni, na walikimbia mchana peupe kama waliochanganyikiwa. Nilimuuliza Mama kwa nini wameacha kwao.

"Kwao ni wapi sasa?" akasema, akichekecha unga waliouchafua. "Chakula kimeungua, pa kuzalia pameungua. Hata wewe ungehama."

Baba alikuwa akinawa masizi mikononi.

Nyuma ya gunia la mahindi nilikuta vitoto vitano, vyekundu, macho hayajafunguka. Sikumwambia mtu. Kila nikitoka shule nilichungulia, nikimwona mama yao amejikunja juu yao, nami nikabana pumzi nisimshtue. Jumamosi Mama akatandaza sumu. Nilimsihi asifanye hivyo.

"Mwanangu, wakimaliza mahindi haya tutakula nini?"

Mama wa vitoto vile hakurudi. Nilividondoshea vitoto maziwa kwa ncha ya kitambaa, vikafa kimoja baada ya kingine, cha mwisho kikiwa kiganjani mwangu. Baba alivizika mwenyewe kando ya choo.

"Ningekataa mimi, angefyeka mwingine," akaniambia, bila kunitazama.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sasa ni mtu mzima, na bado naishi Waithaka, ghorofa ya nne, na dirishani naona kuta za majirani tu. Juzi binti yangu, ambaye hajawahi kumwona panya wa nyasi, alisikia kisa hiki, akaniuliza panya hao walikwenda wapi. Nilimwambia ukweli: waliokuja kwetu tuliwaua, na wengine hawakuwa na pa kwenda. Akachungulia chini kwenye saruji, akauliza nyasi zilikuwa upande gani. Nilitafuta kwa macho muda mrefu, nikashindwa kumwonyesha.