Mama Alipokuja Kuitafuta Baridi

Mama anaishi ukingoni mwa jangwa, kaskazini ya Marsabit, mahali ambapo wingu likipita watu hutoka nje kulitazama. Alipokubali kuja kukaa nasi Birmingham majira ya baridi, mimi na mume wangu tuliingiwa na hofu kama watu wanaosubiri kuletewa mgonjwa mahututi. Mimi ni muuguzi. Hofu ndiyo kazi yangu. Tuliziba nyufa za madirisha, tukanunua hita ya ziada ya chumbani kwake, na watoto wetu wawili wakaonywa wasifungue mlango ovyo, nyanya asije akaganda.

Akina mama wa kanisani walianza kutoa pole kabla hata ndege haijatua. "Maskini, na umri ule!" Kila aliyekuja kumwona alikuja na koti. Mama alishukuru, akalipokea, akaliweka juu ya mengine kitandani, mpaka ikawa yeye analala pembeni na makoti yanalala katikati.

Siku za kwanza alikaa sebuleni, hita mgongoni, blanketi magotini, jasho likimtiririka shingoni. Nikimuuliza hali husema, "Nzuri, mwanangu." Mume wangu aliona kama sauti imepoa, akaongeza moto. Watoto walishinda na fulana za ndani. Ua langu la dirishani lilikauka.

Asubuhi moja ya Jumamosi mama alimwita binti yangu.

"Mjukuu wangu, hivi huku kwenu hakuna baridi?"

Mtoto, ambaye huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akamwambia ipo, ila iko nje.

"Basi nipeleke."

Nilikuwa jikoni nikimchemshia supu. Niliporudi sebuleni nilikuta blanketi tu. Nje kulikuwa na mvua, ile ya mtaa wetu wa Nechells isiyo na haraka ya kwenda popote, na mama ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, kichwa wazi, viganja amevikinga. Wajukuu wake walikuwa wamepanga ndoo na mabeseni yangu yote chini ya mfereji wa paa.

"Hilo limejaa, leteni jingine!" alikuwa akiamrisha. "Msimwage!"

"Mama, utapata nimonia!" nikapiga kelele.

"Nimeacha jua kwetu," akasema bila kugeuka, "nimesafiri mpaka huku, nanyi mnaniwashia jingine ndani ya nyumba. Heri mbuzi wa kuchoma, yeye angalau hugeuzwa."

Nikaanza kumweleza habari za mapafu ya wazee. Nilieleza vizuri sana, kama ninavyoeleza wodini, nikalowa mpaka soksi. Mwanangu wa kiume akaniomba nisogee kidogo, nimewazibia maji.

Jirani yetu, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, akachungulia juu ya uzio. Nilifurahi; nilijua mtu mzima mwenzake atamrudisha ndani.

"Dada, mbona unanyeshewa?"

"Naionja," mama akajibu. "Kwetu imetukimbia."

Jirani akatafakari. "Ngoja nilete mwavuli." Akaja nao, akaufungua, akajikinga mwenyewe, akaketi kando ya mama.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini jioni alikuta hita zimezimwa na mama anasonga ugali kwa maji ya mvua, akidai ya bomba yananuka hospitali. Mume wangu ni mzaliwa wa Limuru, kwenye baridi ya kweli na ukungu wake. Alikula akitetemeka, akimtazama mkwewe kwa lawama, lakini heshima ikamfunga mdomo.

Kesho yake mafua yaliingia nyumbani. Yalinichukua mimi. Mama hakupiga hata chafya.

Tangu hapo alishinda kwa jirani, kwenye kibanda chake cha vioo bustanini, wakinywa chai ya tangawizi na kusikiliza mvua juu ya paa. Wajukuu wakitoka shule hupitia huko moja kwa moja. Nilikuwa nimeomba likizo kazini ili nimtunze mama. Niliimaliza sebuleni, peke yangu, nikipenga kamasi kwenye joto zuri kabisa.