Chupa Tatu Chini ya Tabaga

Nimelea watoto sita, na kabla ya siku ile ningekuambia hivyo hata hujaniuliza. Mtoto akilia katika nyumba yoyote ya mtaa wetu hapa Kibuli, nilikuwa naingia, namchukua kwa mama yake, namlaza tumbo chini juu ya paja langu, na ananyamaza. Watu walinisifu, nami sifa nilizila kama halua. Nasimulia haya nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu wa kwanza alitimiza siku arobaini. Sisi Wanubi siku hiyo hatuifanyii mchezo. Mama wa mtoto huogeshwa, hufukizwa kwa udi, halafu hukalishwa ndani apakwe hina mikononi na miguuni. Akiwa kwenye hina haitwi wala hasumbuliwi. Mtoto akilia, nyumba imejaa wanawake, kila mmoja ana haki ya kumbeba na kumtuliza anavyojua. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi, na mama yangu kabla yangu.

Kadi ya chanjo nayo ikaangukia siku hiyohiyo. Asubuhi binti yangu alimpeleka mtoto hospitali, akachomwa sindano pajani, wakarudi. Nesi alikuwa amempima mtoto uzito, akamwambia binti yangu kwamba akipata homa ampe dawa ya maji ya kutuliza maumivu, kwa kipimo cha uzito ule, kwa bomba dogo la plastiki lenye mistari. Asirudie mpaka masaa sita yapite. Homa ikiendelea, amrudishe hospitali, asikae nyumbani akibahatisha. Binti yangu alinieleza yote haya jikoni, mimi nikiwa nageuza nyama. Nilimwitikia mm, mm. Mimi nifundishwe kumpa mtoto dawa na msichana niliyemfunga nepi mwenyewe?

Karibu na adhuhuri mtoto alipata joto. Binti yangu akampimia dawa kwa lile bomba, akaliinua juu kwenye mwanga, akaangalia mstari, akampa taratibu pembeni ya shavu. Nikamcheka. Nikamwambia anapima dhahabu. Akacheka naye, akaiweka chupa juu ya sinia, akaingia ndani kwenye hina yake.

Wageni walikuja na sukari, sabuni, nepi, na dawa pia, maana siku hizi watu huleta dawa kama zawadi. Zilikuwa chupa mbili, tukaziweka kwenye sinia pamoja na ile ya binti yangu. Kwa sababu ya nzi nikaifunika sinia kwa tabaga, kile kifuniko chetu cha ukindu cha rangi tunachofunikia chakula.

Baada ya swala ya adhuhuri mtoto akaanza kulia tena. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amembeba wakati huo, alifunua tabaga, akachukua chupa yenye picha ya dubu, akampa kidogo kwa kifuniko cha chupa. Hakumwambia mtu. Amwambie nani, wakati hiyo ni kazi ya kila siku ya wanawake wa nyumba? Mimi nilikuwa nje napakua pilau.

Kabla ya alasiri mtoto akafika mikononi mwangu, bado analia, na wageni wananitazama. Haboba, wakaniita, yaani bibi, tuonyeshe. Nikafunua tabaga nami. Nikaona chupa moja ndogo sana, ndogo kuliko kidole changu cha gumba, yenye mpira wa kudondoshea. Nikajiambia, chupa ndogo, dawa ya watoto wadogo, haina nguvu. Nikaifungua, nikajaza kijiko cha chai, nikammezesha chote. Baada ya muda akalala. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatembea uani kifua mbele.

Tuna mpangaji kwenye chumba cha nyuma, dada mmoja Mkenya anayefanya kazi kwenye duka la dawa kule Wandegeya. Alikuja kwenye sherehe akiwa ametoka kazini, akakataa kukaa kama mgeni, akaanza kutusaidia kuosha vyombo. Alipofika kwenye ile sinia alifunua tabaga, akasimama. Akazichukua zile chupa moja moja, akazisoma.

"Mama," akaniambia, "mtoto amepewa gani kati ya hizi?"

"Hiyo ndogo. Mimi mwenyewe nimempa."

Dada yangu akasema kutoka mkekani kwamba yeye alimpa ile ya dubu. Mwanamke mwingine akasema mama wa mtoto naye alimpa ya kwanza, ile nyekundu.

"Leo? Zote leo? Saa ngapi?"

Tukamjibu kwa swala, kama tunavyozoea. Moja kabla ya adhuhuri, moja baada yake, moja kabla ya alasiri. Nilimwona akihesabu kwa vidole.

"Hizi zote ni dawa moja," akasema. "Zote ni parasetamoli. Majina tu ya nje ndiyo tofauti. Na hii ndogo ndiyo kali kuliko zote. Imekolezwa ndiyo maana unapewa mpira, unapimia matone. Mama, ulimpa matone mangapi?"

Niliyasikia maneno yale, lakini akili ilikataa kuyapokea. Nilimtazama mtoto amelala kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo, pumzi nzuri. Nikasema si unaona amelala vizuri. Yule dada alikuwa amekwisha kuzitia chupa zote tatu kwenye mfuko, akaniambia nimbebe mtoto, twende hospitali sasa hivi, wala nisijaribu kumtapisha.

Binti yangu alitoka ndani kwa kishindo, hina mbichi mikononi, imefungwa kwa nailoni mpaka kwenye viganja. Alinyoosha mikono amchukue mwanawe, akashindwa kumshika. Ikabidi nimbebe mimi. Tulipanda mlima wa hospitali kwa bodaboda mbili, binti yangu nyuma yangu akiniita, Mama, mshike vizuri, Mama, anapumua?

Hospitalini nesi alitusikia tukiongea Kiswahili na yule mpangaji, naye akatuuliza kwa Kiswahili chake cha Kampala. Alizipanga chupa mezani. Mpangaji akataja ya kwanza, akataja ya pili. Kisha nesi akanigeukia mimi, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Jjajja, hii kadogo ulipatia mutoto ngapi?"

"Kidogo tu," nikasema.

Nilisema hivyo. Mpaka leo nikikumbuka nashtuka kuliko nilivyoshtuka uani. Mtoto yuko mapajani mwangu, na mimi nachunga heshima yangu mbele ya binti yangu.

"Kidogo ni ngapi? Sema tu, jjajja. Hapa hapana polisi. Mimi nataka kujua dawa iko ngapi ndani ya mutoto."

"Lakini si mzima? Ona, amelala."

"Hii dawa hapana onyesha leo," akasema, na hakupandisha sauti. "Ini inaanza kuharibika, mutoto analala tu hivi, ananyonya, munasema amepona. Kesho, kesho kutwa, ndiyo munaona. Ukinidanganya, mimi napima vibaya."

Nikasema, "Kijiko cha chai. Kimejaa. Alimeza chote."

Nesi aliacha kuandika. Binti yangu alinitazama, ile mikono yake ya nailoni imeinuliwa hewani kama mtu aliyekamatwa. Sikuweza kumtazama.

Mtoto alitolewa damu, akawekewa dripu ya dawa ya kuzuia ile sumu, akalazwa siku tatu. Kila mara damu yake ilipochukuliwa nilitoka nje nikashika ukuta. Siku ya tatu tuliambiwa ini ni zima, kwa sababu tulifika mapema na kiasi kilijulikana. Nililia mbele ya watu, mimi ambaye siku ya mazishi ya mume wangu sikutoa chozi.

Binti yangu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alizitupa chupa mbili, ya tatu akaifungia kwenye sanduku la nguo zake, na ndani ya kifuniko cha sanduku akabandika karatasi: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, nani katoa. Saa ya ukutani, si swala.

Chanjo ya pili ilipofika mtoto akapata joto tena. Tulikuwa wawili tu ndani, mchana. Akafungua sanduku, akanipa chupa na lile bomba.

"Pima wewe, Mama, mimi nimshike. Mpaka mstari wa tatu."

Nilielewa ananirudishia kitu. Nilivuta dawa, nikasogea dirishani, nikainua bomba kama alivyofanya yeye siku ile nikamcheka. Nikalisogeza mbali, nikalisogeza karibu. Lilikuwa plastiki tupu, jeupe, na uwekundu ndani yake.

"Siioni mistari," nikasema.

"Hata ya juu?"

"Sioni hata mmoja. Ile chupa ndogo pia sikuisoma. Niliikisia kwa udogo wake."

Alilipokea bomba mkononi mwangu, mtoto akimvuta shungi.

"Tangu lini, Mama?"

Nikamwambia ukweli. Tangu kabla yeye hajaolewa.