Atieno Niliyemwandika Siye

Admini, tafadhali usiweke jina langu. Hiki ninachoandika sijamwambia mtu yeyote, hata mama ambaye tunalala naye chumba kimoja: kuna dada amefutwa kazi kwa sababu yangu, na hakuwa na kosa.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza Kidato cha Nne juzi tu. Tunaishi Kisian. Nina aibu sana. Hata kanisani nikiambiwa nisome matangazo, sauti inakatika kabla sijafika katikati. Mama ndiye aliyeniombea kazi kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na soko la Kibuye. Mwenyewe tunamwita Baba Tevin. Mkewe, Mama Tevin, hukaa kaunta. Mwingine alikuwa dada Atieno, wa kuchapa barua na kuwajazia watu fomu. Jina lake sijalibadilisha kwa sababu bila hilo hamtaelewa, na Kisumu akina Atieno ni wengi. Yeye ndiye alinifundisha kila kitu pale, na hakuwahi kunicheka.

Shida yetu ilikuwa mtandao. Ikifika saa nne asubuhi unasuasua, fomu hazifunguki, wateja wanaanza maneno. Mama mmoja wa mitumba alisema, "Hii network yenu imetoka kulazwa ama? Inatembea ikishika ukuta." Watu wakacheka. Baba Tevin hakucheka. Aliniita kando akasema, "Wewe si ulisoma kompyuta? Weka ile programu ya kuonyesha nani anakula network. Mimi nataka jina."

Sikuwa nimewahi kuiweka hiyo programu maishani. Nilipaswa kusema hivyo. Nikasema, "Sawa, Baba."

Siku tatu niliteseka. Siku ya kwanza hakuna aliyekumbuka nywila ya ruta, kile kifaa cha kusambaza mtandao, ikabidi tuanze upya, na saiba nzima ikakosa mtandao hadi mchana. Siku ya pili programu ikakubali, lakini kila kompyuta ikaonekana nyekundu, maana yake imezimika, na watu wamezikalia mbele yangu wakichapa! Kumbe programu huziita moja moja, na zetu zilikuwa zimefungwa zisiitike. Nilizifungua zote, nikisimama nyuma ya wateja nikiwaomba wanipishe kwa sauti ambayo hawakuisikia. Baba Tevin alipita akatazama skrini. "Umeweka programu ama umeweka taa za trafiki?"

Siku ya tatu ikafanya kazi. Vifaa vyote vilitokea, lakini kwa namba tu. Ilibidi mimi mwenyewe niandike kando ya kila namba ni cha nani. Kompyuta zilikuwa rahisi. Simu ndizo zilihitaji nimwendee kila mtu nimwambie, naomba nione simu yako. Sikuweza. Simu moja, ndiyo iliyokuwa ikimeza karibu mtandao wote, ilikuwa imejitambulisha kwa jina Atieno. Nikaandika: dada Atieno, mchapaji. Nikaona nimemaliza.

Baba Tevin alisoma kwa sauti, wateja wakiwepo. "Atieno! Kumbe ni wewe unayeangalia masinema hapa?"

"Mimi? Baba Tevin, simu yangu hata picha ya pili haiingii, sinema itakaa wapi?"

"Kompyuta haina udaku na wewe. Imesema Atieno."

Dada Atieno akanigeukia. "Nyamera, si uwaambie?" Nyamera kwa Kijaluo ni "dada yangu". Aliniita dada yake, na mimi nikaangalia kibodi. Sikuwa na uhakika. Baba Tevin akamwambia asirudi tena, naye akachukua mkoba wake akaenda.

Wiki iliyofuata mtandao ulikuwa vilevile. Kwenye skrini, Atieno bado anakula. Nilijiambia programu imeharibika. Niliifuta, nikaiweka tena, nikakasirika nayo hadi machozi.

Kisha dada yake Mama Tevin akaja kutoka Port Victoria na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, akaita kutoka mlangoni, "Atieno! Atieno, huoni mgeni?" Na Mama Tevin akainuka kaunta akicheka.

Jamani. Sisi Wajaluo msichana akizaliwa usiku ni Atieno. Darasani kwetu tulikuwa na wanne. Lakini mwanamke akishapata mtoto, nani tena anauliza jina lake? Kwangu alikuwa Mama Tevin tu. Alipotoka kumsindikiza mgeni wake, simu mkononi, nilikimbilia skrini. Dakika chache tu, Atieno akawa mwekundu. Mtandao ukaruka kama umefunguliwa kamba. Aliporudi, mstari ukapanda tena.

Sasa Baba Tevin anawasimulia rafiki zake jinsi "huyu msichana wangu" alivyonasa mwizi, na anataka nikawawekee na wao. Jumamosi nilimwona dada Atieno Kibuye akimkunjia mtu nguo za mitumba. Alinisalimia vizuri, akauliza, "Kazi inaendelea?" Nikasema ndiyo. Afadhali angenitukana.

Nikisema, nitakuwa namtaja mke wa bosi mbele ya bosi, na mama yangu aliniombea ile kazi karibu apige magoti. Nikinyamaza, dada Atieno anabaki mwizi kwa kosa la jina alilopewa akizaliwa. Nimefikiria kubadilisha maandishi kwenye skrini kimyakimya, lakini hiyo haitamrudisha. Nimeandika barua ya kumpa Baba Tevin mara mbili, nikaichana.

Nyinyi wakubwa, mngekuwa mimi mngeanzia wapi? Kwa bosi, kwa Mama Tevin mwenyewe, au kwa dada Atieno? Nitasoma maoni yote, hata ya kunigombeza. Lakini nawaomba, kama umeitambua saiba hii, kaa nayo moyoni. Na kama unamjua dada Atieno, usimpelekee habari hii. Nataka aisikie kwangu.