Unyoya na Nguvu Zake Mbili

Mjomba wangu hubeba makabati. Anafanya kazi kwenye duka la samani, na wenzake wamemwita Winchi mpaka mwenye duka amelisahau jina lake. Nimewahi kumwona akipandisha friji ghorofa ya tatu, mkanda begani, huku akimjulia hali mwenye friji na watoto wake. Anakaa kwetu, chumba cha uani. Mimi nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama, hata nikikosea, na hapo ndipo linapouma.

Jumapili mchana mimi na wanafunzi wenzangu wawili hucheza mezani kwetu. Kila mchezaji anabuni mhusika wake na kuandika uwezo wake kwenye karatasi, kwa namba kuanzia moja hadi kumi. Mmoja wetu, tunayemwita Msimulizi, anatuongoza safarini kwa maneno, na penye hatari tunarusha dadu. Mwenye namba kubwa hufaulu kwa urahisi. Siku moja Mjomba alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akauliza maswali kama kumi hivi, kisha akavuta kiti.

Tulidhani atatutengenezea jitu. Akamtengeneza Unyoya, mwandishi wa barua mwenye kifua kibovu, nguvu mbili kati ya kumi, anayeogopa bata. Pointi zilizobaki akazirudisha, akasema tuwape wenye shida. Na alimcheza kwelikweli: sauti nyembamba, kikohozi, mabega ameyakunja mpaka kiti kikaonekana kikubwa. Kila tulipofika mtoni Unyoya aliomba radhi kwanza, halafu akabebwa mgongoni na shujaa wa Kipanga, mwenzetu wa tatu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kuwa wa pili darasani.

Mwanzoni tulicheka naye. Baadaye tukaanza kumcheka. Njiani kutoka shule Kipanga akasema mwili wa tembo, roho ya kifaranga, kisha akaacha utani. Safari haisogei, alisema. Ama mjomba wangu aongeze nguvu, ama abaki chumbani kwake. Msimulizi aliangalia viatu vyake. Mimi nikasema nitalishughulikia, utadhani ni bomba linalovuja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimwonea aibu hata kabla Kipanga hajafungua mdomo. Kile kikohozi, mbele ya wenzangu, kilikuwa kinanichoma masikio.

Karatasi zote nilikuwa nazitunza mimi, kwenye faili. Jumamosi nikachukua kifutio, nikaifuta ile mbili, nikaandika tisa. Nilijua Mjomba hasomi karatasi. Unyoya yuko kichwani mwake.

Kesho yake lango la mawe likamwangukia shujaa wa Kipanga. Unyoya akakohoa, akasema anakwenda kuita watu. Kipanga akavuta karatasi ya Unyoya.

"Una nguvu tisa, Mjomba. Inua tu."

Mjomba akaichukua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaniangalia mara moja tu. Nikajifanya nakusanya dadu. Alirusha ya kwake, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya dukani: "Haya. Limeinuka."

Wenzangu wakapiga makofi. Yeye akaaga, akasema usingizi umemzidi. Ilikuwa saa nane mchana.

Jumapili iliyofuata alisema ana kazi. Duka lao halifunguliwi Jumapili.

Jumatatu nikamfuata kazini. Nilimkuta kwenye ngazi na kabati la milango mitatu mgongoni, wenzake wawili wakimsaidia kwa maneno. Mwenye duka alipiga kelele kutoka chini kwamba Winchi anatosha peke yake. Hakuna aliyemuuliza Winchi. Nikasubiri alitue. Nikamwambia ni mimi niliyefuta.

"Najua, mama. Tisa zako zina mkia mrefu."

Nikamwambia wenzangu walitaka aondoke. Akauliza kama na mimi nilitaka. Nilitamani kusema hapana. Nikanyamaza, naye akalipokea jibu hilo, akajifuta shingo.

"Hapa nabeba wiki nzima," akasema. "Pale kwenu nilikuwa nabebwa. Ni hilo tu."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema tu wenzangu wasikie habari hii kutoka kwangu, wala si kwake.

Jumapili niliwaambia. Nilianza na "sisi tuliona," nikakwama, nikarudi kwenye "mimi." Msimulizi alisema hata yeye angeweza kusema neno siku ile njiani. Kipanga aliinuka, akaenda kubisha hodi chumba cha uani, nikamsikia akieleza kwamba kuna mto mbele yetu na shujaa wake mgongo unamwasha kwa kukosa mzigo. Mjomba akacheka. Wakaja wote wawili.

Niliifuta ile tisa mbele yao. Nilisugua mno, karatasi ikachanika. Mjomba akaandika mbili pembeni ya tundu, kwa kalamu yake ya wino, tukacheza. Unyoya akaomba radhi, akabebwa, katikati ya maji akamwona bata akapiga ukunga, na Kipanga akacheka mpaka akashika tumbo.

Tulipomaliza nikakusanya karatasi kama siku zote. Ya Mjomba sikuipata mezani. Alikuwa ameshaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa shati lake. Akachukua vikombe akaenda kuviosha. Tangu siku hiyo anakuja nayo na anaondoka nayo, na kwenye faili langu kuna karatasi mbili tu, yangu na ya Kipanga.